Mwanya wa kigae usidharauliwe

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo unawahusu sana wanaoweka vigae bafuni na jikoni. Mtu huzunguka madukani wiki nzima akichagua rangi ya vigae, lakini kile cha kuzibia mianya, ambacho mafundi hukiita grauti, humwachia fundi akanunue kwa chenji iliyobaki.

Mara nyingi kinacholetwa ni saruji nyeupe tupu. Siku ya kwanza hupendeza. Ikishakauka hunywea, hupasuka na kubanduka vipande. Maji yakipata upenyo, kigae ukikigonga kinalia kama debe tupu. Katika nyumba za ghorofa, anayeishi chini huona dari yake ikiota ukungu, na ujirani huingia doa.

Uchaguzi wenyewe si mgumu. Mwanya usiozidi milimita 3 unataka grauti laini isiyo na mchanga. Hiyo ndiyo inayofaa pia kwa marumaru zilizong'arishwa, kwa kuwa mchanga huzikwaruza. Mwanya mpana zaidi unataka grauti yenye mchanga, maana mchanga ndio unaozuia kunywea. Aina ya tatu ni ya epoksi. Haipitishi maji wala haishiki madoa ya mafuta, hivyo inafaa jikoni mwa hoteli na kwenye mabwawa ya kuogelea. Lakini ni ghali na huganda upesi, kwa hiyo si kazi ya fundi anayejifunza.

Tusidanganyane, hata hivyo. Grauti ya saruji, hata ikiwa bora, hupitisha unyevu kidogo. Sakafu ya bafu la ghorofani lazima ipakwe dawa ya kuzuia maji kabla ya kigae cha kwanza kuwekwa. Pale ukuta unapokutana na sakafu pazibwe kwa silikoni inayovutika, kwa sababu sehemu hizo mbili hazitikisiki pamoja.

Msimamizi naye awe macho wakati wa kukoroga. Maji yakizidi, grauti hudhoofika. Na baada ya kazi, asidi ya kusafishia choo isimwagwe ovyo sakafuni, kwani huila grauti ya saruji.

Mwenye nyumba, muulize fundi habari ya mianya kabla hajaanza kazi. Ukingoja hadi dari ya jirani ianze kudondosha maji, utanunua vigae mara ya pili.