Maneno Juu ya Kufukuzwa Kazi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo kila mfanya kazi huliogopa, nalo ni kufukuzwa kazi. Sisi si mawakili. Sisi ni watu wa reli, na shule yetu ni ile ya msingi ya misheni. Lakini sheria hii tumejifunza, kwa kuwa tumeona hasara ya kutoijua.

Mwenzetu mmoja aliitwa ofisini asubuhi, akapewa karatasi ya Kiingereza, akaambiwa atie sahihi. Akatia. Jioni alipotuonyesha, tulikuta imeandikwa kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Miaka 11 ikaisha kwa sahihi moja. Sisi tulikuwako, wala hapana hata mmoja aliyekwenda naye. Aibu hiyo ni yetu.

Basi, ndugu, tutenge mambo matatu, maana watu huyachanganya.

La kwanza ni kuachishwa kwa notisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya maandishi ya siku 28, au zaidi ikiwa mapatano yasema hivyo, ama alipwe mshahara wa siku hizo. Asiyeifahamu notisi aelezwe kwa lugha aijuayo. Lakini notisi peke yake haitoshi: mwajiri lazima awe na sababu ya haki, na mbele ya korti aithibitishe.

La pili ni kufukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa, kama vile ulevi kazini, kutokuja bila ruhusa, matusi, au kukataa amri halali. Hapo notisi huenda isiwepo, na wengi hudhani kwamba haki nayo haipo. Si kweli. Kifungu cha 41 chaamuru mfanya kazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, awe na mwenzake au mjumbe wa chama amtakaye, na majibu yao yasikizwe kabla ya kukata shauri. Tena mshahara wa siku alizokwisha kufanya ni wake, hata akiwa na kosa.

La tatu ni kupunguzwa kwa sababu kazi imepungua. Hapo mfanya kazi hana kosa lo lote. Chama na Afisa wa Kazi wapewe habari kwa maandishi mwezi mmoja mbele, na kila anayeondoka alipwe mshahara usiopungua siku 15 kwa kila mwaka alioutimiza, mbali na notisi na likizo yake.

Ziko pia sababu ambazo sheria haizikubali kabisa: mimba, dini, kabila, kuwa mwanachama wa chama, au kumshtaki mwajiri kwa haki.

Je, aliyeonewa afanye nini? Apeleke malalamiko kwa Afisa wa Kazi kabla miezi 3 haijapita. Kwenda Korti ya Ajira, mwisho ni miaka 3. Korti yaweza kuamuru arudishwe, au alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Lakini kumbukeni: mlalamikaji ndiye wa kuonyesha kwamba aliachishwa isivyo haki. Kwa hiyo tutunze barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara na kila onyo tulilopewa. Na tunapoondoka tudai cheti cha kazi. Ni haki ya kila aliyefanya kazi majuma manne mfululizo.

Twaomba kila gengi lichague mtu wake leo, kabla hatujaondoka hapa. Akiitwa mmoja ofisini, wawili waende. Na karatasi tusiyoielewa tusiitie sahihi. Tuombe nakala, tuilete chamani.

Yule mwenzetu hakuwa na wa kumwambia hayo. Asiwepo wa pili.