Maneno yetu mkutanoni: vyombo vya kuchunga mlima

Asante kwa kutupa nafasi mbele ya hesabu ya sanduku.

Wengi wenu mulirudi mukakuta parseli za chini zimekwisha kushikwa, mukabaki na mteremko ao kando ya mto. Na tarehe 4 Mei 2023 hakuna mutu wa Kalehe anaweza kuisahau: Bushushu na Nyamukubi, mito ilishuka na matope na mawe, watu zaidi ya 400 wakafa. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko.

Kuna vyombo vyenye kupima mlima na kutuma habari saa ile ile. Kimoja kinapima mvua: ndani kuna kijiko, maji yakijaa kinapinduka, na kila kupinduka kunahesabiwa. Kingine kinazikwa, kinaonyesha maji yamepanda kiasi gani ndani ya udongo, kwani maji ya ndani njo yanasukuma mlima. Cha tatu ni waya juu ya ufa. Ufa ukipanuka, waya unavutika. Hesabu zinapita kwa rezo ya telefone.

Tuseme wazi. Kwa mlima wenye kutembea polepole, kama kule Funu, Bukavu, vinasaidia sana. Kwa matope yenye kushuka ghafla, chombo cha mvua huko juu kinaweza kutupatia wakati, lakini kidogo sana. Na rezo inakatika mvua ikiwa kali (batri ya jua nayo, siku tatu bila jua, munajua vile inafanyaka).

Kwa hiyo sisi hatuulizi sana juu ya chombo. Saa nane ya usiku ujumbe ukiingia, nani ataamka? Mama mwenye watoto wane atapita njia gani, atalala wapi? Mradi ukiisha, nani atanunua batri? Sisi tutaondoka, mlima utabaki.

Tusingoje vyombo. Pigeni vijiti viwili, huku na huku ya ufa, mupime kila Jumapili na kila kisha mvua kubwa, muandike katika kaye. Chemchemi ikigeuka matope, mlango ukianza kukwama bila sababu, muite wengine.

Leo tunaomba muchague watu wane, wanaume wawili na wanawake wawili, ambao telefone yao haizimwi usiku. Jumamosi tutarudi na mita na kamba.