Pilau ya Idi na Mizani

Msikilizaji, umekaa miezi bila ugali wala wali, na kesho ni Idi. Kula pilau ya mama. Mizani ikipanda kilo moja au mbili keshokutwa, usikate tamaa: mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukirudi kwenye mlo wako wa wanga kidogo, maji hayo hutoka kwa siku chache.

Ila wewe unayejidunga insulini, nakuomba sana, ongea na daktari wako mapema, na siku yenyewe pima sukari. Soda ziache, hupandisha sukari upesi kuliko pilau yenye nyama na kachumbari.