Mkasi Kwenye Fomu: Ruzuku ya Mtoto na Sharti la Upande Mmoja



Mada niliyopewa ni ndefu: ruzuku za Serikali kwa familia zinazolea watoto. Kwa dakika ishirini siiwezi. Nitashika karatasi moja tu, fomu ya mahudhurio, ile inayotoka halmashauri ikiwa na majina ya watoto wa walengwa, ikapita kwa mwalimu mkuu na kwa muuguzi wa zahanati, kisha ikarudi imejaa alama za vema kwa waliohudhuria na mikasi kwa waliokosa. Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata, na fomu hizo nimezibeba kwenye pikipiki hadi mkoba ukachanika. Hoja yangu ni kwamba mkasi ule unakata pasipostahili.

Nianze na hesabu, maana wengi humu tunautaja Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini bila kukumbuka ulivyopangwa. Rais Kikwete aliuzindua Dodoma mwezi Agosti 2012, chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), na ndani ya miaka michache ulifikia kaya zipatazo milioni 1.1 Bara na Visiwani. Katika viwango vya awamu ile ya kwanza, kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na nyingine 4,000 kama ina mtoto wa chini ya miaka 18. Juu ya hapo ndipo zilipokaa za masharti: 4,000 kwa watoto wadogo wanaopaswa kuhudhuria kliniki, 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 6,000 kwa wa kidato cha tano na sita. Idadi ya watoto wa kuhesabiwa ilikuwa na kikomo, na kaya yoyote haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Malipo yalikuwa kila baada ya miezi miwili.

Chukua bibi anayelea wajukuu watatu, mmoja bado ananyonya vidole, wawili wako shule ya msingi. Kwa viwango vile, kwa mwezi ni 22,000, siku ya malipo anahesabiwa 44,000. Katika hizo, 16,000 zinategemea fomu: mwanafunzi awe amehudhuria asilimia 80 ya siku za masomo, mtoto mchanga awe amefikishwa kliniki. Mtoto mdogo akipata mkasi, 8,000 zinabaki mezani. Kwetu sisi tunaokunywa chai ya semina elfu nane ni kitu kidogo. Kwa bibi yule ni sabuni ya miezi miwili, daftari, mafuta ya taa na deni la dukani.

Bibi huyo yupo, simtungi. Masika moja korongo lililo kati ya kitongoji chao na zahanati lilifurika, na hata lilipopungua, muuguzi pekee wa zahanati alikuwa ameitwa mafunzoni. Fomu iliponifikia, mstari wa mjukuu wake mdogo ulikuwa na mkasi miezi yote miwili. Niliupitisha. Utaratibu ulisema hivyo, na mimi ndiye niliyetia saini. Siku ya malipo alitoka kwenye foleni, dole gumba bado lina wino wa bluu, akanifuata chini ya mwembe.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia nimefeli kliniki.”

Nikaanza kumweleza habari za masharti. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akachomoa kadi ya kliniki kutoka kwenye mfuko wa nailoni, akaikunjua. “Mimi nilifika,” akasema. “Mlango ndio haukufika.”

Sikuwa na jibu wakati ule. Nilimwandikia barua ya malalamiko, nikaipeleka mwenyewe ofisini. Sijui iliishia kabati gani.

Sasa, wenzangu wanaotetea sharti wana hoja yao, na si ya kubezwa. Wanasema fedha ya bure bila kamba itaishia kilabuni. Kabla ya mpango wa taifa kulikuwa na majaribio yaliyoanza kulipa mwaka 2010 katika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 40 vikipata ruzuku na vingine 40 vikisubiri ili vilinganishwe. Kilichoonekana ni kwamba kaya zilinunua viatu vya watoto, zikafuga mbuzi na kuku, zikajiunga zaidi na bima ya afya ya CHF, na watoto wadogo waliugua kidogo kuliko wa vijiji vya jirani. Matokeo mazuri, na tunayataja kila mwaka. Ila tumezoea kuyataja kama ushahidi wa sharti, na hapo tunajidanganya. Vijiji vyote 40 vilivyolipwa vililipwa kwa masharti. Hapakuwa na kijiji kilichopewa fedha ile ile bila fomu. Kwa hiyo utafiti ule ulipima fedha, mkasi haukupimwa.

Waliopima mkasi ni wenzetu wa Malawi, wilayani Zomba. Huko wasichana wa kati ya miaka 13 na 22 ambao hawajaolewa waligawanywa: kundi moja lilipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, jingine likapewa fedha tupu, la tatu halikupewa. Kwa shule, waliowekewa sharti walifanya vizuri zaidi, na kwenye usomaji wa Kiingereza wakawazidi pia. Hilo nalikubali, nisionekane nachagua matokeo ninayoyapenda. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa waliopewa bila sharti, na tofauti hiyo ilitokana na wasichana walioacha shule. Mantiki yake haihitaji profesa. Msichana aliyeacha shule ndani ya kundi la sharti alipoteza fedha siku ile ile alipoihitaji kuliko wakati wowote. Mwenzake wa kundi la pili aliacha shule, fedha ikaendelea kuja, akawa na sababu moja pungufu ya kumkubali mwanamume mwenye chipsi na nauli. Sharti liliwasaidia waliokuwa ukingoni, likawaachia mkono walioanguka.

Mimi kilichonibadilisha mawazo zaidi ni Moroko. Mwaka 2008 Serikali yao ilianza kujaribu mpango uitwao Tayssir kwa familia za vijijini zenye watoto wa shule ya msingi. Baadhi ya maeneo yalifuatilia mahudhurio na kukata. Mengine hayakukata chochote, ila wazazi walijiandikisha kwa mwalimu mkuu, na fedha ikajulikana kijijini kuwa ni fedha ya shule. Hawa wa pili walipeleka watoto shuleni sawa na wale wa fomu, au kuwazidi kidogo, na gharama za uendeshaji zikawa ndogo. Jina lilitosha. Mzazi alipoona Serikali inalipa kwa ajili ya shule, aliamini kwamba shule ina maana. Na sisi Waswahili nguvu ya fedha yenye jina tunaijua. Fedha ya mahari haiguswi hovyo, fedha ya rambirambi haiguswi hovyo, na hakuna fomu inayozunguka kuhakiki.

Wapo watakaosema Moroko ni mbali. Haya, twende Afrika Kusini, ambako ruzuku ya malezi ya mtoto ilianza Aprili 1998, randi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa chini ya miaka 7, kufuatia kazi ya kamati iliyoongozwa na Francie Lund. Leo inafika hadi miaka 18 na inalipwa kwa watoto zaidi ya milioni 12. Jambo zuri katika muundo wake ni kwamba fedha humfuata mtu anayemlea mtoto, awe mama, bibi au shangazi. Mwanzoni nao waliweka masharti, ikiwemo kadi ya chanjo. Wakaona yanawazuia watoto wale wale waliolengwa, kwa sababu asiye na kadi ya chanjo ndiye anayeishi mbali na zahanati, wakayaondoa. Mwaka 2010 wakaleta sharti la shule kwa namna nyingine: mtoto asipohudhuria, ruzuku haikatwi, taarifa inatakiwa kumfikia ofisa ustawi wa jamii, naye aende nyumbani kuuliza kuna nini. Utekelezaji wake una mapengo, maofisa ustawi hawatoshi huko kama wasivyotosha hapa. Lakini angalia fomu imegeuzwa kuwa nini. Kwetu ni mkasi, kwao ni kengele.

Mtoto aliyekosa shule wiki tatu ana habari anayotuletea. Pengine anachunga ng’ombe wa watu. Pengine mama amelazwa na yeye ndiye anayepika. Pengine ni korongo. Sisi tunaipokea habari hiyo, tunaibadilisha kuwa makato, tunaifunga. Ni upotevu wa taarifa ambayo tumeilipia posho na mafuta ili tuipate.

Sipendekezi tufute masharti kesho. Wafadhili hawatakubali, na tangu Januari 2016 ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, mzazi wa kijijini amezoea kusikia kwamba Serikali inataka mtoto shuleni, si vibaya ruzuku ikarudia neno hilo hilo. Libaki jina. Fedha ya kliniki iitwe ya kliniki, na siku ya malipo itamkwe hivyo mbele ya watu. Mkasi wa kwanza usilete makato, ulete mtu mlangoni, na kama ofisa ustawi hayupo, aende mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye kitongoji anakijua kuliko sisi sote.

Na jambo moja dogo ambalo halihitaji mfadhili wala waraka wa wizara. Fomu ile ina safu za kuandika kama mtoto alifika. Haina safu hata moja ya kuandika kama zahanati ilikuwa wazi siku hiyo, kama chanjo ilikuwepo, kama mwalimu alikuwa darasani, kama njia ilipitika. Nina nakala moja hapa, yenye saini yangu. Upande wa kulia imebaki nafasi tupu ya sentimita nne. Nimeipima kwa rula.