Mwambie Sipo

Asubuhi ya leo nataka kuzungumza na yule aketiye mbele ya mlango wa mkubwa. Wengine humwita sekretari, wengine mhazili, na siku hizi katika ofisi kubwa huitwa msaidizi wa mkurugenzi, naye ndiye pia msimamizi wa ofisi nzima. Hufungua mlango kabla ya wenzake kufika. Anajua ufunguo wa kabati uko wapi, anajua wino wa mashine utakwisha lini, anajua mkubwa wake akutane na nani saa nne, na kwa nini asikutane na fulani saa tano. Huandika kumbukumbu za mkutano, humlipa mwenye maziwa ya chai na kumdai risiti. Zamani alipiga taipu na karatasi za kaboni. Leo ana kompyuta na barua pepe zisizokwisha. Kazi ni ile ile. Mkutano ukienda vizuri, husifiwa mkubwa. Faili ikipotea, huulizwa yeye.

Mkumbukeni Tertio. Waraka kwa Warumi una maneno yapata 7,000 kwa Kiyunani, na mkono ulioyaandika ni wake, Paulo akitamka. Yeye alijipatia mstari mmoja tu, katika sura ya 16, wa kuwasalimu wasomaji.

Neno hili sekretari asili yake ni Kilatini, na maana yake ni mtu aliyekabidhiwa siri. Hapo ndipo penye taabu. Kutunza siri ya mkubwa ni uaminifu. Kusema uongo kwa ajili yake ni jambo jingine, na mpaka kati ya mawili hayo ni mwembamba, hasa ikiwa karo ya watoto wako yatoka katika mshahara ule.

Naomba niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia parishi yenye ofisi ya vyumba viwili. Chumba cha nje aliketi mhazili wetu, mama mjane mwenye watoto wawili shuleni. Ilikuwa wiki ya kufunga hesabu za mwaka, nami nilimwambia, "Yeyote akija, mwambie sipo."

Akanitazama. Akasema, "Kasisi, nitamwambia una kazi, nami nitampangia siku nyingine. Lakini kusema hupo, na watu wanakusikia ukikohoa humo ndani?"

Nilikasirika. Nikamwambia afanye alivyoagizwa. (Mtu akishapata mlango wa kufunga, huota pembe upesi.)

Mchana akaja mzee mmoja na fomu ya basari ya mjukuu wake, iliyotaka sahihi ya chifu na ya kiongozi wa dini. Akaambiwa sipo. Kesho yake akaja tena, akaambiwa vivyo hivyo. Siku ya tatu hakuja, maana fomu zilikwisha kufungwa. Kijana yule alikaa nyumbani muhula mzima.

Niliyajua haya kwa sababu mama yule aliniletea daftari la wageni. Alikuwa ameandika jina la mzee, na saa, na haja yake, na mbele yake: "Ameambiwa Kasisi hayupo. Kasisi yupo." Mara mbili, kwa mwandiko mzuri.

Nia yangu ya kwanza ilikuwa kuuchana ukurasa ule. Nasema kweli. Ndipo nikamkumbuka mfalme Yehoyakimu, katika Yeremia 36. Baruku mwana wa Neria alikuwa mwandishi wa nabii. Yeremia alinena, yeye akaandika kwa wino katika gombo, na wakuu walipomwuliza ameyaandikaje, alijibu hivyo tu, bila kujitetea. Gombo likasomwa mbele ya mfalme, wakati wa baridi, naye anaota moto. Kila kurasa tatu au nne zilipokwisha kusomwa, zilikatwa kwa kisu cha mwandishi na kutupwa motoni. Angalieni kisu chenyewe! Ni chombo cha kazi ya mwandishi, nacho ndicho kilichoharibu kazi yake. Mkubwa hawezi kuiharibu ofisi kwa mikono mitupu. Hutumia kalamu, muhuri na ulimi wa mtumishi wake.

Na Baruku? Ilitolewa amri akamatwe. Alipata gombo jingine, akaandika yote upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Yeye naye alichoka. Katika sura ya 45 analia kwamba hapati raha, na Mungu anamwambia asijitafutie makuu, ila atapewa uhai wake. Si marupurupu makubwa, mtu aweza kusema.

Ndugu yangu, dada yangu wa ofisini, utaletewa barua uipe tarehe ya mwezi uliopita. Utaambiwa uongeze katika kumbukumbu neno ambalo mkutano haukulisema. Sitakuahidi kwamba ukikataa hutafukuzwa. Wapo waliofukuzwa, nami nawajua. Lakini mara nyingi liko neno la kweli linalotosha: ana mkutano, hapokei wageni leo, njoo Alhamisi saa tatu. Nanyi mlio ndani ya mlango, msimlazimishe mtu kuchagua kati ya dhamiri yake na unga wa watoto. Mimi nilimlazimisha mjane.

Ukurasa ule sikuuchana. Niliutia sahihi chini yake, na Jumamosi nikaenda kwa yule mzee. Alinikaribisha uji. Nikamwambia kwamba siku zile mbili nilikuwapo.

Akasema, "Najua, Kasisi. Gari lako nililiona chini ya mti."

Fomu ya mwaka uliofuata tuliijaza nyumbani kwake, na mama wa ofisi ndiye aliyeipeleka.