Kidole Kinapoanza Kujikunja

Baada ya taarifa ya habari, msikilizaji, tutazame mkono wa mkulima. Mgwashi, milimani Usambara, mkono ndio mtaji: jembe, kikapu, mzigo wa kuni mteremkoni. Kidole cha mwisho kinapojikunja na ganzi kuingia, hata sufuria ya moto inamuunguza mtu asisikie, wengi husema ni uzee. Huenda ni ukoma, unaoharibu neva taratibu.

Zingatia hili: dawa ni bure, hutumiwa miezi 6 hadi 12, na huua vimelea. Lakini kidole kilichokwisha kupinda hakinyooshwi na kidonge. Kinataka mazoezi, pengine upasuaji.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa wa ukoma pungufu ya 1 kwa kila watu 10,000. Hapo ndipo penye mjadala: ugonjwa ukiwa nadra, wagonjwa wasubiriwe zahanati au watafutwe? Upande mmoja, tiba kwenye zahanati ya kawaida hupunguza gharama na unyanyapaa. Makambi ya zamani ya kuwatenga wagonjwa hayatamaniki. Upande wa pili, na mimi naegemea huku, mhudumu asiyekutana na ugonjwa huu mara kwa mara ataugunduaje mapema? Msako wa nyumba kwa nyumba ni ghali, kweli. Je, gharama ya kuchelewa nayo anailipa nani?