Jasho la Mkulima Lisilale Bandarini

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama na wapenzi wa chama katika mkutano wa wilaya)



Tumekuja leo kuzungumza nanyi habari ya njia. Huenda mwingine akauliza: je, chama kimekosa la kusema hata kije kutueleza habari za reli na magati? Twamjibu mapema. Hapana jambo limgusalo mkulima mfukoni kama hili, wala hapana jambo analoelezwa kwa uchache kama hili.

Kila mwaka twahimizwa tulime zaidi. Vema, twalima. Lakini zao likiisha kuvunwa bado si fedha. Huwa fedha siku lifikapo mkononi mwa mnunuzi. Kati ya shamba na mnunuzi kuna ghala, kuna barabara, kuna mizani, kuna reli, kuna meza ya forodha, kuna gati, kuna meli. Kazi yote hiyo, pamoja na karatasi zake, wataalamu wa siku hizi huiita lojistiki. Sisi tuiite uchukuzi, tuelewane.

Sasa na tufanye hesabu. Bei ya pamba, ya kahawa na ya korosho hupangwa katika masoko ya dunia, wala mnunuzi hatuulizi tumetumia kiasi gani kumfikishia mzigo. Tuseme ametoa shilingi 100. Uchukuzi ukila shilingi 30, zimebaki 70 za mkulima na chama chake cha ushirika. Uchukuzi ukila 45, zimebaki 55. Mnunuzi hakupunguza hata senti moja. Mvua ilikuwa ile ile, na jembe lile lile. Shilingi 15 zimedondoka njiani, na aliyedondosha si yule aliyezitolea jasho.

Tutazame na upande wa pili, yaani vitu viingiavyo nchini. Mbolea, vipuri, dawa za hospitali na vitabu vya shule vyote huja na gharama za njia mgongoni. Mkulima yule yule aliyekatwa alipouza hukatwa tena anaponunua. Na mbolea ikikwama bandarini hata mvua zikapita, hata ikishushwa bei haifai kitu tena. Mvua haingoji karatasi.

Watu wengi hudhani kwamba umaskini wetu wa biashara watokana na umbali. Twakaa mbali na masoko, basi hapana la kufanya. Umbali wagharimu, ni kweli, lakini kuna adui mwingine aliye karibu zaidi, naye ni kuchelewa. Mwaka 2010 wachumi Djankov, Freund na Pham walichapisha uchunguzi wao juu ya siku ambazo mzigo hutumia tangu kiwandani hata kupakiwa melini katika nchi nyingi za dunia. Waliona kwamba kila siku moja inayoongezeka yapunguza biashara ya nchi kwa zaidi ya 1 katika 100. Walisema tena kwamba siku moja hiyo ni sawa na nchi kujisogeza mbali na wateja wake kwa kilometa 70 hivi. Basi mzigo ukilala siku 10 bila sababu, ni kana kwamba tumeichukua nchi yetu tukaisukuma kilometa 700 mbali na soko. Hakuna adui aliyetufanyia hivyo. Tumejifanyia wenyewe kwa mihuri na foleni.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza, matunda na samaki huoza. Pili, mali iliyolala ni fedha iliyolala, na mara nyingi ni fedha ya mkopo ambao riba yake hailali. Tatu, meli ina ratiba yake, haimngoji aliyesahau karatasi. Nne, na hili ndilo baya kuliko yote, ni kutojua. Mfanyabiashara ajuaye kwamba mzigo wake utafika kwa siku 12 hupanga kazi zake. Asiyejua kama ni siku 5 au 25 hulazimika kujaza ghala la akiba, na gharama ya akiba hiyo hutupandishia sisi bei. Mnunuzi wa ng'ambo naye akiisha kuchoshwa mara mbili huenda kwa mwingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tangu mwaka 2007 Benki ya Dunia imekuwa ikizipima nchi kwa uchukuzi wao, ikizipa alama kati ya 1 na 5. Hutazama mambo 6: kazi ya forodha, hali ya bandari, reli na barabara, wepesi wa kupata meli kwa bei nafuu, ustadi wa wachukuzi na mawakala, uwezo wa kujua mzigo uko wapi, na kufika kwa wakati. Mwaka 2023 zilipimwa nchi 139, na iliyoongoza ni Singapore, kisiwa kidogo kisicho na migodi wala mashamba makubwa. Hebu myahesabu tena mambo yale. Katika 6, moja tu ndilo la saruji na chuma. Matano yaliyobaki hutegemea utaratibu na kazi ya watu. Hilo ndilo neno tunalotaka mwende nalo nyumbani.

Hatusemi kwamba chuma hakina maana. Wakoloni walitujengea njia za kunyonyea mali, siyo za kutuunganisha. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Tanga ilikuwa imeanza hata kabla yake. Lakini njia hizo mbili zilikaa katika nchi moja bila kugusana, mpaka zilipounganishwa mwaka 1963, sisi tukiwa tumekwisha jitawala. Hata bandari ya Dar es Salaam ilipata magati yake ya kwanza ya maji ya kina mwaka 1956. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikashushwa kwa matishali na migongo ya makuli.

Kisha tazameni reli ya TAZARA. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia utawala wao. Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilipita kusini, ikajikuta koo lake limeshikwa na adui. Mwaka 1968 likamalizika bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Januari 1973 mpaka wa Rhodesia na Zambia ukafungwa. Wakati huo reli ilikuwa tayari inajengwa kwa mkopo wa China usio na riba, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Pale wazee wetu walitufundisha kwamba nchi isiyo na njia yake haiko huru kuchagua rafiki.

Lakini reli hiyo hiyo yatupa na somo la pili. Ilijengwa ipate kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 ilichukua chini ya tani laki moja. Je, milima ilisogea? Reli zilikuwa pale pale. Kilichopungua ni vichwa vya treni vizima, mabehewa, matengenezo, fedha za kuendeshea na uaminifu wa ratiba. Wenye shaba wakahamia malori. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi makubaliano huko Beijing ya kuifufua. Sisi twafurahi, lakini twasema: injini mpya bila nidhamu mpya itaturudisha pale pale.

Tena tuna reli za upana wa namna tatu katika nchi moja. Ya kati ya zamani ni milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067, na ile mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ni 1,435. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Kila mzigo ubadilishapo njia hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Na pale Kilosa hadi Gulwe mafuriko yameikata reli ya zamani mara nyingi, kama mwanzo wa mwaka 2010, shehena ikakwama kwa miezi.

Wala tusidhani kwamba mzigo ni wetu kwa undugu. Kwa miaka kadhaa parachichi nyingi za Njombe zilisafirishwa hadi Mombasa, zikiiacha Dar es Salaam iliyo karibu zaidi, kwa kuwa huko palipatikana kwa urahisi meli na huduma za makontena ya baridi. Zambia na Kongo nazo zaweza kuchagua Durban, Beira, Walvis Bay au Lobito. Mwenye shehena hufuata mahali anapoheshimiwa muda wake.

Mambo mema yapo, tuyaseme. Mwaka 2009 Chirundu, baina ya Zambia na Zimbabwe, lori lilianza kukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi mbili wakiwa chini ya paa moja. Tunduma na Nakonde zikafuata mwaka 2019. Lakini paa moja lenye meza 10 zisizosemezana ni jengo tu.

Basi tutake nini, ndugu zangu? Tutake siku zihesabiwe na kutangazwa: mzigo umekaa siku ngapi bandarini, ngapi mpakani, na kwa sababu ya nani. Tutake fedha za matengenezo zisiliwe na fedha za uzinduzi. Tutake barabara ya kijiji ihesabiwe kuwa sehemu ya bandari, maana mzigo huanzia huko. Na tutake mkono unaodai chai kwenye mizani na mpakani ukatwe kwa sheria, kwa kuwa unaiba kutoka kwa watu wasiouona.

Na sisi tujitake wenyewe. Katibu wa ushirika aandike uzani wa kweli. Karani asiseme njoo kesho kwa kazi ya leo. Dereva afike saa aliyoahidi. Yale mambo matano yasiyo ya saruji hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Mkirudi matawini, waulizeni wanachama zao la mwaka huu limefika wapi, na limelala siku ngapi. Yaandikeni majibu, myalete katika mkutano ujao.